Kila Mstari Una Mwenyewe

Wajukuu zangu,

Marehemu baba yangu alikuwa mhesabu boriti pwani ya Kilwa Kivinje. Majahazi yakija kupakia boriti za mikoko, yeye hukaa juu ya gunia chini ya mwembe, na kila wachukuzi wakipitisha boriti ishirini, yaani korija moja, huhamisha kijiti kimoja kutoka kikapu hiki kwenda kile. Ndani ya chombo nako kulikuwa na mtu wa nahodha, naye ana vijiti vyake. Hawakusemezana mpaka mzigo uishe. Kabla ya tanga kupandishwa walikutana, wakamwaga vijiti mchangani, wakalinganisha. Vikilingana, safari. Visipolingana, boriti zinashushwa mojamoja, hata kama maji yameanza kupwa na nahodha anafoka. Mimi nilikuwa nampelekea baba chakula, na niliudhika kwamba wazee hawa wanachelewesha watu kwa ajili ya kijiti.

Nimemkumbuka sana tangu mliponieleza kazi mliyopewa: kukusanya orodha za wakulima wa korosho na ufuta kutoka vyama vya msingi, msimu kwa msimu, na kuzifanya kitu kimoja. Mmoja wenu ana Mac aliyorudi nayo kutoka chuoni. Mwingine amenunua kompyuta ya mtumba akaitia Linux kwa sababu Windows ilikuwa inaikaba roho. Wa tatu anatumia Windows ya ofisini. Faili moja linazunguka kwenye mashine tatu, mara kwa flashi, mara kwa WhatsApp, na kila linapofika linafunguliwa, linaguswa, linahifadhiwa. Mimi nilianza ukarani kwa taipureta na nikamaliza kwa kompyuta, na najua mahali ambapo mzigo humwagika baharini bila mtu kusikia kishindo. Nisikilizeni.

Kwanza jueni chombo kinabeba kiasi gani. Karatasi moja ya Excel, tangu toleo la 2007, ina mistari 1,048,576 na haikubali hata mmoja zaidi. LibreOffice Calc imekomea hapohapo. Numbers ya Apple inaishia mistari milioni moja. Google Sheets haihesabu mistari, inahesabu visanduku, milioni 10 kwa faili zima. Orodha yenye safu 40 imeshajaa ikifika mistari 250,000. Na yale mafaili ya kizamani yanayoishia na .xls, ambayo bado yamelala kwa wingi kwenye kompyuta za maofisini, hukomea mistari 65,536. Ishikeni namba hiyo kichwani kama mnavyoshika namba ya simu ya mama yenu.

Msiseme milioni ni habari ya Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 864,652 katika mkoa wetu wa Lindi. Ukimpa kila mtu mstari wake, mkoa mzima unaenea kwenye karatasi moja ya Excel na nafasi inabaki. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ikahesabu watu 1,194,028. Mkoa uleule, karatasi ileile, lakini safari hii, ukiondoa mstari wa vichwa vya safu, watu 145,453 wanabaki nje ya mlango. Mkilifungua faili la namna hiyo, programu itaonya mara moja, kwa sentensi fupi ya Kiingereza, kwamba si kila kitu kimeingia. Mwenye haraka hubonyeza OK. Kisha huhifadhi kilichoingia juu ya faili lilelile. Kuanzia saa hiyo wale waliobaki nje hawapo popote, na karatasi iliyo mbele yenu inaonekana nzima, safi, haina hata alama ya kidonda. Kama orodha ilipangwa kwa herufi za wilaya, aliyekatwa ni mtu wa Ruangwa, na kosa lake ni kwamba wilaya yake inaanza na R.

Waingereza yaliwakuta haya wakati wa korona. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi hawakuingia kwenye hesabu za kila siku za nchi. Majibu yalikuwa yanatoka maabara yakiwa mafaili ya maandishi, halafu yanamiminwa ndani ya faili la .xls, lile la mistari 65,536, na kila mgonjwa alikuwa anachukua mistari kadhaa. Faili lilijaa, yaliyozidi yakaachwa. Wale watu walipewa majibu yao wenyewe, lakini waliokaa nao karibu hawakutafutwa kwa wakati. Nchi tajiri, wataalamu wamejaa, na kilichowaangusha ni kutojua ujazo wa ndoo.

Basi kabla hamjafungua faili kwenye lahajedwali, lihesabuni mistari. Kwenye Mac na Linux kuna amri ndogo, wc -l, inayohesabu mistari ya faili la CSV lenye mamilioni kwa muda wa kupepesa macho, bila kulifungua. Angalizo: inahesabu kila mahali mstari unapokatika, kwa hiyo kama karani alibonyeza Enter katikati ya anwani ya mtu, utapata mstari wa ziada. Hiyo tofauti msiipuuze. Itafuteni mpaka mjue imetoka wapi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko hilo la mistari, nalo ni namba.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba yoyote; zinazofuata inazigeuza sifuri. Mkilifungua faili la CSV kwa kulibofya mara mbili, na namba za NIDA zimeandikwa bila vistari, Excel inadhani ni namba ya kujumlisha. Inaionyesha kwa kifupi, kitu kama 1.96507E+19, na mtu anasema, ah, safu ni nyembamba tu, nitaipanua. Anaipanua, na kweli tarakimu 20 zinatokea, lakini tano za mwisho zote ni sifuri. Zile za kweli zimekwenda. Akihifadhi, zimekwenda kabisa. Hakuna fundi wa kuzirudisha, wa Kilwa wala wa California, kwa sababu hazijafichwa mahali; hazipo.

Namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza ile sifuri ya mbele. Hilo afadhali, unaweza kuirudisha. Akaunti ya benki inayoanza na sifuri ikipoteza sifuri yake ni balaa, maana malipo yanakwenda benki, yanakataliwa, yanarudi, na mzee aliyepeleka korosho zake ghalani anaambiwa aje wiki ijayo. Nauli ya kutoka kijijini mpaka Kilwa Masoko analipa yeye.

Dawa yake si ngumu, ila inataka subira. Faili la CSV msilibofye mara mbili kamwe. Fungueni Excel kwanza, ikiwa tupu, nendeni kwenye sehemu ya Data, mlilete faili kama maandishi, na kabla ya kukubali muiambie kwamba safu ya NIDA, ya simu na ya akaunti ni maandishi, si namba. LibreOffice katika hili imekuwa na adabu zaidi: ukifungua CSV inakuuliza yenyewe, kwenye dirisha dogo, herufi zimeandikwa kwa msimbo gani, safu zinatenganishwa na nini, na kila safu ni ya aina gani. Mwenye Linux, usilipite lile dirisha kwa kubonyeza OK tu. Hapo ndipo bandari ilipo.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Tuseme mmefanya vema, NIDA zimekaa kama maandishi, tarakimu zote 20 zipo. Kisha mnataka kujua nani ameandikwa mara mbili, mnatumia fomula ya COUNTIF. Hiyo fomula, ikiona maandishi yanayofanana na namba, inayageuza kuwa namba kimyakimya kabla ya kulinganisha, na kwa hiyo inalinganisha tarakimu 15 za mwanzo. Watu wawili tofauti wanaofanana tarakimu hizo itawaita mtu mmoja. Mkafuta mmoja kwa nia njema ya kusafisha orodha. Acheni vistari vya NIDA vikae kama vilivyo kwenye kitambulisho. Vistari hivyo vinaiambia kompyuta kwamba hiki si kitu cha kujumlishwa.

Tarehe nazo zina vituko vyake, na hapa tofauti za mashine zinaonekana wazi. Sisi tukiandika 03/04/2024 tunamaanisha tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyotoka dukani ikiwa bado na mpangilio wa Kimarekani inasoma Machi 4. Siku zinazozidi 12 haiwezi kuzisoma hivyo, inaziacha kama maandishi, kwa hiyo sehemu ya orodha inakuwa tarehe za uongo na sehemu inakuwa maneno. Excel za zamani za Mac, kabla ya toleo la 2011, zilianza kuhesabu siku kutoka mwaka 1904, wakati za Windows zinaanza 1900. Ukinakili tarehe kutoka faili la aina hiyo ukazibandika kwenye la Windows, kila moja inarudi nyuma siku 1,462, miaka minne na siku moja. Andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, 2024-04-03, kwenye mashine zote tatu, na mkubaliane hivyo leo.

Hata majina ya misimu yetu yana mtego. Mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/08, na tangu hapo tunaandika misimu hivyo, mwaka na mkwaju. Excel ikiona 2007/08 inafikiri ni mwezi wa nane wa 2007. Ikiona 2010/11 inafikiri ni Novemba. Inafika 2011/12, Desemba. Kisha 2012/13 inaishinda, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu, inaiacha kama mlivyoandika. Kwa hiyo mkichuja kwa msimu, ile misimu mitano ya mwanzo haionekani mahali pake, na mtu atasema hakuna kumbukumbu, kumbe zipo zimevaa nguo za miezi. Tena mkwaju huo huo Windows haiukubali kwenye jina la faili. Andikeni 2010-2011, miaka yote miwili kwa ukamilifu, ndani na nje ya faili. Na mwenye Linux ajue kwamba kwake Korosho.csv na korosho.csv ni mafaili mawili, kwa Windows ni moja. Mkiyahamisha, moja litamlalia mwenzake.

Herufi. Kiswahili hakina shida kubwa ya herufi, tunashukuru, ila tuna ile ritifaa ya ng'. Pale Lindi mjini kuna kata ya Ng'apa. Simu na programu za kisasa hupenda kuigeuza ritifaa kuwa ya kupinda. Faili likihifadhiwa kwa msimbo wa UTF-8, halafu Windows ikalisoma kwa msimbo wake wa zamani, Ng'apa inageuka Ngâ€™apa. Hiyo angalau inaonekana kwa macho. Isiyoonekana ni pale ambapo nusu ya makarani wameandika kwa ritifaa iliyonyooka na nusu kwa iliyopinda: kwa jicho ni Ng'apa moja, kwa kompyuta ni mbili, na kila moja ina jumla yake ya kilo. Chagueni ritifaa iliyonyooka, badilisheni zote, hifadhini kwa UTF-8. Hata mwisho wa mstari mashine hizi haziuandiki sawa. Windows huweka alama mbili, kama taipureta yangu ilivyokuwa: kwanza unarudisha gari mwanzo, kisha unapandisha karatasi. Linux na Mac za leo huweka moja. Ndiyo maana Notepad ya Windows za zamani, mpaka 2018, ilikuwa ikifungua faili la Linux inalionyesha kama mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Faili halijaharibika likionekana hivyo, msilifute.

Sasa niwaambie la kwangu.

Mwaka mmoja, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliagizwa kupanga orodha ya malipo kwa alfabeti. Majina yalikuwa upande wa kushoto, kilo upande wa kulia, na katikati kulikuwa na safu moja tupu ambayo mtu aliiweka ili karatasi ipendeze. Nikabofya kwenye majina, nikapanga. Programu ikafika kwenye safu tupu ikadhani orodha imeishia pale. Majina yakapangwa, kilo zikabaki palepale zilipokuwa. Kila mtu akapata kilo za mtu mwingine. Nilihesabu mistari, ikalingana. Nilijumlisha kilo, zikalingana mpaka gramu. Nikaridhika, nikasaini.

Aliyegundua ni mama mmoja wa kijijini, hajui kusoma, aliyekuja na stakabadhi yake ameikunja ndani ya kitambaa. Alikuwa anajua idadi ya magunia yake, kwa sababu aliziokota korosho moja moja. Mimi nilikuwa na jumla sahihi ya kilo zote za chama, na sikuwa na haki ya mtu hata mmoja. Tulirudia kazi nzima kutoka kwenye karatasi, na baadhi ya watu walisubiri hela zao wakati shule zimeshafunguliwa. Sijasahau nyuso zao.

Tangu siku ile sikutosheka na hesabu ya mistari wala jumla. Kila baada ya kupanga, kuchuja, kuunganisha au kuhamisha faili kutoka mashine moja kwenda nyingine, chagueni watu kumi bila upendeleo, wa juu, wa katikati na wa mwisho kabisa, muwatafute kwenye karatasi zao za asili, herufi kwa herufi na kilo kwa kilo. Wa mwisho kabisa msimwache. Na safu tupu ziondoeni, urembo upeni kazi nyingine. Tena wekeni safu ya namba ya mfululizo tangu siku ya kwanza, 1, 2, 3 mpaka mwisho, ili vyovyote mtakavyopanga, mnaweza kurudi kwenye mpangilio wa mwanzo.

Na hilo la karatasi za asili, wajukuu zangu, hapa nataka mkae vizuri. Sisi watu wa Kilwa tumejifunza thamani ya asili kwa kuikosa. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa nakala mbili: moja ya Kiarabu, iliyopo London kwenye Maktaba ya Uingereza, na nyingine ya Kireno, iliyomo katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa 1552. Zinasimulia mji mmoja, ukoo mmoja, lakini hazikubaliani juu ya majina, mfuatano na miaka ya utawala. Maandishi ya mwanzo hayapo, kwa hiyo hakuna wa kuamua. Sarafu za shaba nazo, zile ndogo ambazo watoto wa Kilwa Kisiwani wameziokota mchangani miaka yote, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya vina upande wa pili, lakini hazina mwaka. Wataalamu wamehangaika kuzipanga kwa mfuatano. Kwamba al-Hasan bin Sulaiman alikuwa akitawala 1331 tunajua kwa sababu mgeni, Ibn Battuta, alipita mwaka huo na baadaye habari za safari yake zikaandikwa. Fikirini, mji uliokuwa na fedha yake wenyewe unategemea kumbukumbu za msafiri kujua tarehe zake.

Kwa hiyo faili mlilopokea kutoka chama cha msingi liwekeni kwenye folda ya peke yake, lizuieni lisiandikwe juu yake, na kazi ifanyike kwenye nakala. Nakala iwe na tarehe kwenye jina. Msiandike MPYA, MPYA2, MPYA YA MWISHO, YA MWISHO KABISA. Nimekutana na folda za namna hiyo, na aliyeziandika alikuwa amehama mkoa.

Likija suala la uzito, msiiadhibu mashine. Faili lenye mistari 300,000 na fomula ya VLOOKUP kwenye kila mstari litaifanya kompyuta ya mtumba ihemewe kama punda anayepanda kilima. Fomula ikishatoa jibu, nakilini mbandike thamani tu. Angalieni pia kama Excel ya ofisini ni ya biti 32; ikiwa hivyo, hata kompyuta ikiwa na RAM ya GB 16, Excel itatumia sehemu ndogo tu, na mnaweza kununua RAM bure. Power Pivot, ambayo kwenye Windows inaweza kushika mamilioni ya mistari nyuma ya pazia, kwenye Mac haipo. Makro zilizoandikwa ofisini mara nyingi zinagoma kwenye Mac na LibreOffice. Msijenge kazi ya watu watatu juu ya kitu ambacho mashine moja tu inakielewa.

Mimi ningewashauri, orodha ikishapita mistari laki chache, mtoke kwenye lahajedwali, muweke data kwenye hifadhidata. SQLite ipo tangu 2000, ni ya bure, inakaa ndani ya faili moja, na faili hilo hilo linafunguka sawa kwenye Windows, Mac na Linux. Msiogope jina. Simu mlizoshika mkononi zinaitumia kutwa nzima kutunza ujumbe na namba zenu. Ndani yake mnaiambia safu ya NIDA ni maandishi, na inabaki maandishi. Lahajedwali itumieni mwishoni, kwa kuangalia muhtasari wa kijiji au kuchapa orodha ya kubandika ukutani. Mwenye Linux asijione mnyonge kwa kutokuwa na Excel. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, yenye lahajedwali ndani yake, na LibreOffice unayotumia leo ni ya ukoo huohuo wa OpenOffice. Nilipoiona mara ya kwanza ikisema nami kwa lugha yangu nilikaa nikaitazama tu.

Google Sheets inarahisisha kazi ya watu watatu, siikatai. Lakini kumbukeni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilikata barabara yetu pale Somanga, hatuendi Dar es Salaam wala harudi mtu. Siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ya nchi ikazorota. Aliyekuwa na nakala kwenye mashine yake alifanya kazi. Na orodha hizi zina majina, simu, NIDA na akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na nyinyi. Acheni kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Faili lifungwe kwa nywila, lipite kwa mkono wa mtu mnayemjua.

Nunueni daftari la jalada gumu. Faili likitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, anayetoa anaandika mistari mingapi na kilo ngapi. Anayepokea anahesabu kwenye mashine yake mwenyewe, kabla ya kuangalia mwenzake ameandika nini, kisha anaandika yake. Visipolingana, hakuna anayekwenda kula.

Jumamosi njooni nyumbani na mashine zote tatu. Nataka tuanze na lile faili la mauzo ya zamani mlilolikuta kwenye kompyuta ya stoo. Niliwauliza lina mistari mingapi, mkaniambia 65,536, mkasema mzee aliyeliandika alikuwa mtu makini, amemaliza kazi yake yote. Nimeliwaza usiku kucha. Njooni na mafungu ya stakabadhi za msimu ule, zile zilizofungwa kwa kamba, tumtafute aliyekuwa wa 65,537.